Nyuso tatu za Leiden: huyu Humbert de Superville ni nani?

Swali limetoka kwa mwalimu wa sanaa wa shule ya sekondari huko Morogoro. Ameandika hivi: "Nimekutana mtandaoni na mchoro wa nyuso tatu, kila uso umetengenezwa kwa mistari michache tu. Mmoja unacheka, mmoja umetulia, mmoja una huzuni. Chini wameandika kwamba ni kazi ya Mholanzi Humbert de Superville, ya miaka ya 1820, na kwamba yeye ndiye babu wa emoji. Ni kweli? Mbona simwoni kwenye vitabu vya historia ya sanaa? Na nikiwaambia wanafunzi wangu kwamba mstari unaopanda ni furaha na unaoshuka ni huzuni, nitakuwa nawadanganya?"

Mwalimu, kabla sijajibu lolote, chukua penseli na karatasi. Piga mstari mmoja wima, urefu wa kidole. Huo ndio uti wa uso. Sasa weka jozi tatu za vistari vifupi, kimoja kulia na kimoja kushoto kwa ule wima: jozi ya juu ni macho, ya kati ni pua, ya chini ni mdomo. Mara ya kwanza vilaze sawasawa. Pembeni chora uso wa pili, safari hii vistari vyote vipande kadiri vinavyokwenda nje, kama matawi yanayotafuta jua. Uso wa tatu, vishuke kuelekea nje, kama paa la makuti. Hapana nyusi wala meno wala chozi, lakini wa kwanza umetulia, wa pili unacheka, na wa tatu uso umemshuka. Wima mmoja na vistari sita, basi. Hiyo karatasi usiitupe, tutairudia.

La babu wa emoji nalipitia haraka. Emoji zina ukoo wao. Jarida la vichekesho la Puck la Marekani lilitunga nyuso kwa alama za chapa mwaka 1881. Mwaka 1982 Scott Fahlman wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon akapendekeza nukta mbili, kistari na mabano. Kisha kampuni za simu za Japani zikaja na vipicha vyao mwishoni mwa miaka ya 1990. Hakuna kati ya hao aliyehitaji kitabu cha Humbert, kilichotoka mji wa Leiden, Uholanzi, ili afanye alichofanya. Halafu nia zenyewe zimepishana. Anayetuma emoji anataka mwenzake ajue amefurahi. Humbert alikuwa akisema jambo jingine kabisa: kwamba mstari una hisia yake hata kabla haujawa uso, na uso ni mahali pamoja tu, kati ya mengi, ambapo hisia hiyo inaonekana wazi.

Sasa tuje kwa mtu mwenyewe.

David Pierre Humbert de Superville alizaliwa The Hague mwaka 1770. Baba yake, Jean Humbert, alikuwa mchoraji, na nyumbani lugha ya fikra ilikuwa Kifaransa, jambo litakalomgharimu baadaye. Mwaka 1789, Paris ikiwa imechafuka, kijana huyu ambaye alikuwa bado hajatimiza miaka 20 alishika njia ya Italia kwenda kujifunza. Akakaa huko miaka zaidi ya 10.

Ukitaka kuelewa alichokifanya Italia, lazima kwanza ujue watu wa wakati ule walikuwa wanaangalia nini. Mwanafunzi aliyefika Roma alitumwa kwa Raphael, kwa Michelangelo na kwenye sanamu za marumaru za kale. Wachoraji waliomtangulia Raphael walionekana kama watoto wanaojifunza kusema: watu wao wamekakamaa, milima yao kama mikate, majengo yao madogo kuliko watu waliosimama mlangoni. Kuta walizozichora zilikuwa giza, zimemwagikiwa na moshi wa mishumaa, na wengi walizipita tu. Humbert alisimama hapohapo. Alikwenda Assisi, Pisa na Orvieto, akakaa mbele ya kuta hizo na kuzinakili. Giotto, aliyefariki mwaka 1337, alimwingia moyoni kiasi kwamba wenzake Roma wakampachika jina la Giottino, yaani Giotto mdogo. Sijui kama ilianza kama sifa au kama kejeli, maana majina ya utani ndivyo yalivyo, lakini yeye alilipokea. Hadi leo limo kwenye jina lake rasmi katika orodha za makumbusho. (Tahadhari ukimtafuta: kuna mchoraji mwingine wa karne ya 14 anayeitwa Giottino, hana uhusiano naye wowote.)

Pima tarehe. Wale vijana wa Kijerumani waliojulikana kama Wanazareti, wanaosifiwa vitabuni kwa kuwafufua wachoraji wa kale wa Italia, waliunda chama chao Vienna mwaka 1809 na kufika Roma mwaka uliofuata. Vijana wa London waliojiita wafuasi wa sanaa ya kabla ya Raphael walianza mwaka 1848. Humbert alikuwa ameshazichora kuta hizo katika miaka ya 1790.

Hakuwa peke yake. Kulikuwa na Mwingereza mmoja tajiri wa maarifa, William Young Ottley, mdogo wa Humbert kwa mwaka mmoja, aliyekaa Italia tangu 1791 akikusanya michoro na chapa. Ottley alitaka kazi za Wafirenze wa mwanzo ziwekwe kwenye kitabu. Humbert akamfanyia nakala. Na Tommaso Piroli, fundi Mroma, akawa miongoni mwa waliozichonga kwenye shaba. Kitabu hicho kilitoka London mwaka 1826, na jina kubwa juu yake ni la Ottley. Hapo mwalimu umeshaanza kupata jibu la swali lako la pili. Mtu aliyekaa mbele ya ukuta, shingo juu, mishumaa ikimwishia, jina lake liko ndani. Aliyegharimia liko juu ya jalada.

Piroli huyohuyo ndiye aliyechonga, mwaka 1793, michoro maarufu ya John Flaxman ya hadithi za Homer. Nalitaja hili kwa sababu linaonyesha namna ya kuchora iliyokuwa hewani Roma miaka ile: mchoro wa mzingo mtupu. Hakuna kivuli, hakuna rangi, hakuna ule msuko wa mistari inayopishana ambao wachonga chapa hutumia kuonyesha giza na mwanga. Ni mstari mmoja mwembamba unaozunguka mwili, nguo na kiti, na ndani yake karatasi imebaki nyeupe.

Acha nieleze kidogo kazi yenyewe, maana wanafunzi wako wanaweza kudhani chapa ni kitu cha mashine. Fundi anachukua bamba la shaba lililosuguliwa likang'aa, analipaka nta nyembamba, kisha anachora juu ya nta kwa sindano. Kila sindano inapopita, shaba inabaki wazi. Bamba linatiwa tindikali. Palipo na nta hapaguswi, palipokwaruzwa panaliwa na kuwa kijifereji. Nta inasafishwa, wino unapakwa ukaingia kwenye vijifereji, juu panafutwa, karatasi yenye unyevu inalazwa, na vyote vinapitishwa kati ya magogo mawili yanayokandamiza kwa nguvu. Kinachotoka ni mchoro uliogeuzwa, kulia kuwa kushoto. Pale unapochora kwa kivuli, kosa dogo la mkono unaweza kulificha kwa mistari mingine mia. Kwenye mzingo mtupu huna pa kujificha. Ukikosea pembe ya bega kidogo tu, mtakatifu aliyekuwa anaomba anaonekana anajinyoosha.

Hapa ndipo naweka hukumu yangu, na ni yangu: naamini nadharia yote ya Humbert ilizaliwa kwenye mkono wake kabla haijafika kichwani. Mtu anayenakili kuta za Giotto kwa mzingo mtupu, siku baada ya siku, anajifunza jambo ambalo mtazamaji hafundishwi. Anaondoa rangi, hisia inabaki. Anaondoa kivuli, inabaki. Anapunguza maelezo ya uso hadi mstari mmoja wa mgongo ulioinama, na bado mama anayeomboleza ni mama anayeomboleza. Mwisho anabaki na swali ambalo halimwachi alale: kama nimeondoa kila kitu na huzuni bado ipo, basi huzuni ilikuwa kwenye nini? Wasomi wanapenda kumweleza kama mwanafalsafa aliyekuwa anachora. Mimi namwona mchoraji aliyelazimishwa na kazi yake kuwa mwanafalsafa.

Nakala zile zina thamani nyingine ambayo yeye hakuitarajia. Julai 1944, vita vikipita Pisa, moto uliunguza paa la Camposanto, yale makaburi ya kale yaliyozungukwa na kuta za picha, na madini ya risasi ya paa hilo yakayeyuka na kumwagika juu ya kuta. Picha nyingi ziliharibika vibaya. Tangu siku hiyo kila aliyewahi kukaa pale na penseli amekuwa shahidi.

Maisha yake mengine nayataja kwa kifupi. Februari 1798 wafuasi wa mapinduzi, kwa msaada wa jeshi la Ufaransa, walitangaza Jamhuri ya Roma, na Humbert alikuwa upande wao. Jamhuri haikudumu hata miaka miwili. Mwaka 1800 aliondoka Italia, akarudi Uholanzi ambayo nayo ilikuwa haitulii: jamhuri, kisha ufalme chini ya ndugu wa Napoleon, kisha mkoa wa Ufaransa, kisha ufalme tena. Alifundisha uchoraji, akatulia Leiden, na mwaka 1825 akawa mkurugenzi wa kwanza wa hazina ya picha za chapa ya Chuo Kikuu cha Leiden. Alibaki kwenye kiti hicho hadi alipofariki mwaka 1849. Hazina hiyo bado ipo, sasa ndani ya maktaba ya chuo, na ndipo penye fungu kubwa la michoro yake.

Kabla sijaendelea, kuna ndugu yake wa kumfuata, Jean Emile, ambaye siwezi kumruka. Huyu alikuwa mhandisi wa jeshi. Mwaka 1796 alikwenda Tunisia kujenga bandari ya La Goulette, akakaa miaka mingi, na mwaka 1817 akafukua mawe ya makaburi yenye maandishi ya Kipunisia, lugha ya watu wa Carthage. Mawe hayo yaliwaonyesha wasomi ni wapi hasa ulipokuwa mji wa Carthage ule wa kwanza, ule ambao Waroma waliubomoa. Baadaye akiwa Livorno ndiye aliyejadili bei ya mkusanyo wa vitu vya kale vya Misri uliokuwa wa mfanyabiashara Anastasi, ambao Uholanzi iliununua mwaka 1828 na sasa ni nguzo ya Makumbusho ya Vitu vya Kale hapo Leiden. Ndugu wawili, mmoja anachimba Carthage, mwingine anachimba Giotto. Na wote wawili wakaishia kujaza makabati ya mji mmoja mdogo.

Kitabu chenye zile nyuso kinaitwa Essai sur les signes inconditionnels dans l'art. Kilitoka Leiden kwa vipande kati ya 1827 na 1832. Kwa Kiswahili ningekiita Insha juu ya Alama Zisizo na Masharti katika Sanaa. "Zisizo na masharti" maana yake ni kwamba hazihitaji makubaliano. Herufi A ina masharti, maana lazima mtu akufundishe. Msalaba, mwezi na nyota, bendera, vyote vina masharti. Humbert alitaka kilicho chini ya hayo yote, alama ambayo mtu yeyote anaielewa kwa sababu tu ana mwili.

Anaanza na mwili wenyewe. Binadamu amesimama wima, ndivyo anavyotofautiana na mnyama. Wima huo ndio mhimili wa kila kitu. Kutoka kwenye mhimili huo mistari inaweza kwenda njia tatu: ikalala, ikafunguka kuelekea juu, au ikashuka na kujifunga. Iliyolala ni utulivu. Inayofunguka ni furaha na msisimko. Inayojifunga ni huzuni, au fikra nzito.

Nilipokisoma kwa mara ya kwanza nilihangaika kuyatafsiri maneno yake mawili ya msingi, hadi nikagundua Kiswahili kilishayamaliza zamani. Yeye anasema mistari inayotanuka na mistari inayokutana. Sisi tunasema uso mkunjufu na uso uliokunjwa. Moyo mkunjufu, mapokezi ya kikunjufu. Na kwa upande wa pili, kukunja uso. Shina ni lile lile, na maana inakwenda kinyume kwa kufungua na kufunga, kama mtu anayekunjua mkeka na kuukunja. Humbert alihitaji vipande kadhaa vya kitabu ili kufika hapo.

Kisha akaambatanisha rangi tatu. Nyekundu ni ya mistari inayofunguka, nyeupe ni ya utulivu, nyeusi ni ya inayojifunga. Na hapa pia mzungumzaji wa Kiswahili lazima ashtuke kidogo. Tuna rangi ngapi zenye mashina yake ya sifa yanayofuata ngeli? -ekundu, -eupe, -eusi. Zilizobaki zote tunaazima kwa vitu: rangi ya majani, ya manjano, ya samawati, ya kahawia. Tatu zilezile. Wanaisimu Berlin na Kay walionyesha mwaka 1969 kwamba lugha yenye majina matatu tu ya msingi ya rangi huwa na hayo: nyeupe, nyeusi, nyekundu. Humbert hakujua hilo, wala sisemi kwamba limemthibitisha. Nasema tu kwamba hakuziokota jalalani.

Kutoka kwenye nyuso alikwenda kwenye majengo. Hekalu la Misri, pana, limelala chini, linatulia kama uso wa kwanza. Paa la Kichina lenye pembe zilizopinda juu lina uchangamfu wa uso wa pili. Hoja yake ni kwamba mjenzi hakukusudia kuchora uso, na mtazamaji haoni uso, ila mistari imemfikia kwa njia ileile.

Sasa kuhusu kutojulikana kwake. Nimeshataja kitabu cha Ottley. Ongeza kwamba aliandika Kifaransa kizito akiwa Leiden, mji ambao Wafaransa hawakuwa wanautazama kwa mambo ya sanaa, huku Waholanzi wenyewe wakitaka kingine. Wanunuzi wa Amsterdam wa miaka ile walipenda ng'ombe malishoni, barafu ya mfereji, na chochote kilichofanana na karne ya Rembrandt. Humbert hakuwauzia ng'ombe. Kazi zake nyingi ni nakala, michoro ya penseli na wino, chapa chache, na kitabu chenye sentensi ndefu kama foleni ya kivuko. Makumbusho huning'iniza picha za rangi ya mafuta. Karatasi hukaa kwenye masanduku kwa sababu mwanga unaila. Mchoraji wa karatasi huonekana mara moja moja tu kwenye maonyesho, halafu anarudi gizani.

Mawazo yake lakini hayakukaa sandukuni. Charles Blanc, Mfaransa, alichapisha mwaka 1867 kitabu cha kufundishia kiitwacho Grammaire des arts du dessin. Humo alizichapa zile nyuso tatu na, kwa heshima yake, alimtaja Humbert kwa jina. Kitabu cha Blanc kilisomwa mno na wanafunzi wa Paris, na mmoja wao alikuwa Georges Seurat, yule wa kuchora kwa vinukta, ambaye mwenyewe alisema alikisoma akiwa shuleni. Tarehe 28 Agosti 1890 Seurat alimwandikia mwandishi Maurice Beaubourg barua akieleza nadharia yake: furaha ya mstari ni mistari inayopanda juu ya mstari uliolala, utulivu ni huo uliolala wenyewe, huzuni ni mistari inayoshuka. Seurat alikuwa na walimu wengine pia, Charles Henry kwa mfano, kwa hiyo usimpe Humbert sifa zote. Lakini soma barua ile ukiwa na ile karatasi yako mkononi.

Picha ya Seurat inayoonyesha hilo waziwazi ni Le Chahut, ya 1889 na 1890: wachezaji wa klabu ya usiku wamerusha miguu juu, na kila kitu kimepanda pamoja nao, masharubu, midomo, mikia ya koti, hata taa za ukutani. Iko katika Makumbusho ya Kröller-Müller huko Otterlo. Uholanzi! Wazo liliondoka Leiden kwa Kifaransa, likazunguka Paris, likarudi nyumbani limevaa rangi, na umati unaokwenda Otterlo kumwona Van Gogh unalipita bila kujua kwamba ni mtoto wa humo humo.

Nimechelewa kufika kwenye swali lako la tatu, ambalo ndilo zuri kuliko yote. Utawadanganya? Kidogo, ukisema hivyo na kunyamaza.

Shida ya kwanza ataiona mwanafunzi yeyote anayechora katuni. Mwambie achore mtu aliyekasirika. Nyusi zitashuka katikati na kupanda nje. Huo ni mstari unaofunguka! Kwa Humbert ulipaswa kuwa furaha. Na mtu anayelia kwa uchungu, nyusi zake zinapanda katikati na kushuka nje, sawa na kanuni. Kwa hiyo nyusi peke yake haziamui. Uso wa pili unacheka kwa sababu mdomo nao umepanda. Geuza mdomo tu, uache macho yalivyo, na ghafla una mtu wa kuogopwa. Mfumo wa Humbert unafanya kazi pale ambapo mistari yote imekubaliana. Ikigombana, kitabu chake hakina msaada mkubwa, na sanaa nyingi nzuri inaishi kwenye ugomvi huo.

Shida ya pili ni rangi. Hapa ndipo "bila masharti" inapovunjika. Kanga ya kisutu ni nyekundu, nyeupe na nyeusi, zile tatu zote kwenye kitambaa kimoja, na ni ya harusi. Nyeupe kwetu ni utulivu na usafi, sawa, lakini pia ni sanda. Buibui ni jeusi na halina msiba ndani yake. Linavaliwa kwenda sokoni, linavaliwa kwenda kwenye sherehe. Mtu wa Leiden wa 1827 alipoangalia nyeusi aliona suti ya mchungaji na jeneza, akadhani ameona maumbile. Alichoona ni desturi ya mtaa wake. Kwa hiyo rangi zifundishe kama alivyoziona yeye, usizifundishe kama sheria.

Mstari una nguvu zaidi kuliko rangi, kwa sababu mwili kweli unashiriki. Mtu mchovu mabega yanashuka, na mtu aliyepata habari njema anainuka kitini. Lakini hata hapo sema "mara nyingi," usiseme "daima."

Kwa somo lenyewe, ningeanza bila kumtaja Humbert wala kuonyesha nyuso zake. Wape wanafunzi ukuta wa shule, mti ulio uwanjani, mtu anayebeba ndoo. Waambie wachore mzingo mtupu, bila kivuli, kwa mstari usioinuliwa ovyo. Halafu wachore kilekile kwa nusu ya mistari. Halafu kwa mistari mitano. Kila hatua waulize nini kimebaki. Watalalamika kwamba kazi imekuwa ngumu badala ya kuwa rahisi, na hapo ndipo watakuwa wamekaa alipokaa yeye pale Assisi. Zile nyuso zije baada ya hapo. Wakitaka kuona michoro yake, maktaba ya Chuo Kikuu cha Leiden imeweka sehemu ya hazina yake mtandaoni. Mtafute kwa H na kwa S, kwa sababu waorodheshaji hawakubaliani, na angalia usije ukaangukia kwa baba yake.

Sasa ile karatasi. Chukua uso wa pili, ule unaocheka. Usiongeze wala usifute chochote. Igeuze juu chini. Macho yamekuwa mdomo, mdomo umekuwa macho, wino ni uleule, na unaokutazama ni uso wa huzuni. Ukigeuza wa tatu, unacheka. Wa kwanza haujali ukigeuzwa. Sasa waachie wanafunzi swali ambalo Humbert aliliweka kwenye msingi wa kitabu chake, lile la mtu aliyesimama wima: kama mistari haijabadilika, kilichobadilika ni nini? Wengine watasema karatasi. Subiri yule atakayeinamisha kichwa chake mwenyewe ili ajaribu.